Wino na karatasi kitandani: sanaa humfanyia nini mgonjwa?

Sikiliza vitenzi vinavyomzunguka mtu aliye hospitali. Amelazwa. Amepimwa presha. Ametundikiwa dripu, amechomwa sindano, ameogeshwa, amegeuzwa ubavu, amelishwa uji. Hata habari za mwili wake huelezwa mtu mwingine kwanza: daktari humwita mtoto mkubwa pembeni ya mlango, wakanong'ona, kisha mgonjwa akaambiwa kilichobaki. Mwezi uliopita mtu huyu alikuwa akifundisha darasa la sita, au akipatana bei na wavuvi alfajiri. Leo karibu kila sentensi inayomhusu inaishia na ile -wa ya kutendewa.

Ninaanza na sarufi kwa sababu nadhani fundo liko hapo. Mazungumzo kuhusu sanaa na ugonjwa mkubwa huvutwa pande mbili. Upande mmoja unasema kuchora, kuimba na kushona kunaponya, na hadithi za maajabu hufuata. Upande wa pili unasema hayo ni mambo ya kupotezea muda; mgonjwa anahitaji dawa, si penseli za rangi. Pande zote mbili zinajibu swali moja: je, sanaa ni dawa? Kwa maoni yangu swali hilo limekosewa tangu mwanzo. Sanaa haitibu figo wala saratani. Inamrudishia mgonjwa kitenzi. Kwa nusu saa, au kwa alasiri nzima, anakuwa tena mtu anayetenda.

Niliyaona haya kwa mama mdogo wangu. Figo zake zilifeli baada ya miaka mingi ya kisukari, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, bila kuhesabu safari ya kwenda na kurudi. Waliowahi kuuguza mgonjwa wa figo wanajua: siku ya mashine ni siku iliyokwisha, na ya pili yake nusu huliwa na uchovu. Alizaliwa kijiji cha pwani, kaskazini mwa Tanga, ambako wanawake husuka ukili, ule utepe wa kushonea mikeka, wakipiga soga bila kuitazama mikono yao. Lakini alihamia mjini akiwa msichana, na kwa zaidi ya miaka thelathini hakuwa amegusa ukindu, majani yanayosukwa ukili.

Siku moja akaniagiza mafungu mawili, moja la rangi yake ya asili na jingine lililochemshwa kwa rangi nyekundu. Nikadhani anataka kitu cha kushikashika mikono isikae bure. Nikamwambia hivyo, kwa nia njema kabisa. Akanitazama. "Sishikishiki kitu. Nasuka mkeka wa mjukuu wangu. Anaolewa Mfunguo Tatu."

Nilinyamaza. Kushikashika ni jambo moja, kusuka mkeka wa mtu ni jambo jingine, na makala hii yote inajaribu kueleza tofauti hiyo.

Alikuwa akiulowesha ukindu, akauviringisha kwenye kanga mbichi ulainike, kisha akachana jani moja moja kwa ukucha wa kidole gumba. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na mshipa uliounganishwa kwa ajili ya mashine. Ukiweka kiganja juu yake unasikia ukivuma chini ya ngozi, kama nyuki aliyefungiwa chupani. Mkono huo hauruhusiwi kubeba mzigo. Jani la ukindu si mzigo. Basi mkono ambao wiki nzima ulikuwa mali ya sindano, siku ambazo hakuna mashine ulikuwa ukisuka.

Neno "maana" linatutega

Watu wema humwambia mgonjwa: tafuta maana katika hali yako. Ni ushauri mzuri, ila kwa Kiswahili unaingia sikioni vibaya, kwa sababu neno hili lina sura mbili. Tunasema, "Jana sikuja, maana nilikuwa naumwa." Hapo maana ni sababu. Kwa hiyo anayeambiwa atafute maana ya ugonjwa husikia kwamba atafute sababu ya kuugua, na majirani wanazo sababu tele za kumgawia. Kuna husuda, kuna mambo ya ukoo, kuna vyakula alivyokuwa akila, kuna deni la dhambi.

Siligusi suala la imani. Mtu anayeuona ugonjwa wake kuwa ni mtihani kutoka kwa Mola ana nguzo ya kuegemea, na wapo wagonjwa wengi ambao nguzo hiyo imewasimamisha pale kila kitu kingine kilipoanguka. Ila hilo ni jibu la swali la "kwa nini". Maana ninayoizungumzia hapa ni ile ya pili, maana kama ya neno ndani ya sentensi. Neno likiwa peke yake halisemi kitu. Linapata maana kwa jinsi linavyoshikana na maneno yaliyo mbele na nyuma yake. Maisha nayo ndivyo yalivyo. Ugonjwa mkubwa hukata viungo hivyo kimoja kimoja. Kazini nafasi yako imechukuliwa. Kwenye kikoba huchangii tena. Msiba wa jirani umepita nawe hukwenda, na baadaye hata hawakuletei habari ya msiba, kwa kukuonea huruma. Mkeka wa harusi ya mjukuu uliiunganisha siku ya leo ya mama mdogo na siku fulani ya mbele, na watu watakaokuwepo siku hiyo, na mahali mkeka utakapotandikwa.

Cicely Saunders, Mwingereza aliyefungua hospitali ya St Christopher's jijini London mwaka 1967 kwa ajili ya wagonjwa wa mahututi, aliyaeleza mateso ya wagonjwa hao kuwa maumivu kamili: ya mwili, ya moyo, ya uhusiano na watu, na ya roho, yote yakisukana hata huwezi kuyatenganisha. Kazi yake ndiyo chanzo cha huduma tunayoiita leo tiba shufaa, ambayo Anne Merriman aliisimika Kampala mwaka 1993 alipoanzisha Hospice Africa Uganda na kuwapa wagonjwa wa kawaida mofini ya kunywa. Nataka niyaseme haya mapema, kabla sijaendelea na habari za rangi na tungo. Mtu anayelia kwa maumivu hawezi kuona rangi. Mofini kwanza. Anayempa mgonjwa wa saratani kalamu kabla hajapewa dawa ya maumivu amempa kazi juu ya mateso.

Mwanamke aliyeitwa Kupona

Mwaka 1275 wa Hijria, yaani 1858, mwanamke mmoja mzaliwa wa kisiwa cha Pate, pwani ya Kenya, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu, alikuwa akiugua. Alikuwa na binti, Mwana Hashima. Akamtungia wasia wa zaidi ya beti mia moja, ambao kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anaujua kwa jina la mama huyo: Mwana Kupona binti Mshamu. Jina lake likiwa Kupona, yeye hakupona. Alifariki takriban miaka miwili baadaye.

Utenzi huo umesomwa sana kwa mashauri yake juu ya mume na nyumba, na wasomaji wa leo wanayabishania, kwa haki yao. Mimi nauona kwanza kuwa ni kazi ya mgonjwa. Tazama mama anavyoanza:

*Maradhi yamenishika,*
*hatta yametimu mwaka,*
*sikupata kutamka*
*neno lema kukwambia.*

*Ndoo mbee ujilisi*
*na wino na qaratasi,*
*moyoni nina hadithi*
*nimependa kukwambia.*

Ubeti wa juu ni wa kutendewa. Maradhi ndiyo yanayotenda. Yamemshika, na kwa mwaka mzima yamemnyima hata neno jema la kumwambia mwanawe. Kisha ubeti mmoja tu mbele, mambo yamegeuka. Njoo mbele, keti, uje na wino na karatasi. Aliye kitandani ndiye anayeamrisha. Mwenye afya ndiye anayetumwa. Ugonjwa haujapungua hata kidogo kati ya beti hizi mbili, lakini chumbani mwenye kauli amebadilika.

Mbele kidogo anamwambia bintiye kwamba atamtungia kidani cha lulu na marijani, na kidani chenyewe ni hayo maneno. Kiswahili kimempa bure tamathali ile, kwa kuwa kutunga shanga na kutunga shairi ni kitenzi kimoja. Tukumbuke pia kwamba hata jipu hutunga usaha. Mwili unaougua una utunzi wake ambao hukuuomba. Mwana Kupona alikuwa na mwili unaotunga yake, naye akatunga yake.

Sasa tuhame tuende Winnipeg, Kanada. Daktari wa magonjwa ya akili Harvey Chochinov, aliyekuwa akishughulika na wagonjwa walio karibu na kufa, alibuni utaratibu unaoitwa tiba ya utu. Mgonjwa anaulizwa maswali machache: ni wakati gani wa maisha yako ulijisikia uko hai zaidi, ni mambo gani ungependa watu wako wayajue, una maneno gani ya kuwaachia. Maongezi yanarekodiwa, yanaandikwa, yanasafishwa, mgonjwa anasomewa na kusahihisha, kisha anakabidhiwa maandishi ampe amtakaye. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 100 wa Kanada na Australia: asilimia 76 walisema heshima yao ya utu imeongezeka, na asilimia 67 walisema wanayaona maisha yao yana maana zaidi. Utafiti mkubwa zaidi wa mwaka 2011, uliolinganisha makundi, ulikuja na habari yenye kiasi. Dhiki ya moyo kwa jumla haikupungua kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida, ila wagonjwa wenyewe waliuona utaratibu huo umewafaa, wao na familia zao.

Niliposoma habari hizo mara ya kwanza niliweka karatasi chini nikasema: huu si ndio wino na karatasi wa Mwana Kupona? Miaka 147 imepita kati yake na utafiti ule wa kwanza. Wapimaji wa Winnipeg walichotuongezea ni hesabu na uangalifu, na ni mchango mkubwa. Lakini kama kuna mtu wa pwani anayedhani kwamba haya ya kumpa mgonjwa kalamu ni mambo ya Ulaya, basi amesahau ya kwao.

Walipoandika kwa sababu hakukuwa na dawa

Uganda iliyapitia haya kwa wingi na kwa uchungu. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya, aliyekuwa akiishi Uswidi, alirudi nyumbani akatangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Wakati ule jirani mwenye ugonjwa huo alitajwa kwa vidole, si kwa jina. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa hazijawafikia watu wa kawaida. Lutaaya alitunga wimbo kuhusu upweke na hofu ya mgonjwa, akazunguka shuleni na makanisani akizungumza na kuimba, huku mwili ukiisha mbele ya macho ya watu. Alifariki tarehe 15 Desemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 38. Wimbo haukumwongezea siku. Lakini aliubadilisha ugonjwa wa kufichwa ukawa jambo la kuzungumzwa, na kazi hiyo hangeweza kuifanya mtu mzima wa afya, hata kama angekuwa na sauti nzuri kuliko yake.

Baada yake wakaja kina mama wa NACWOLA, jumuiya ya wanawake wa Uganda wanaoishi na virusi. Wao waliandika vitabu vya kumbukumbu. Mama anachukua daftari, anamwandikia mtoto: ulizaliwa wapi, nani alikupa jina na kwa nini, neno lako la kwanza lilikuwa lipi, shangazi zako wanaishi wapi, ulipokuwa mdogo ulipenda kula nini, baba yako alikuwa mtu wa namna gani. Picha zinabandikwa. Mambo haya yanaonekana madogo mpaka ufikirie mtoto wa miaka kumi anayelelewa na watu wasiojua lolote kati ya hayo.

Lakini kilichotokea katika kuandika kilikuwa zaidi ya hifadhi. Mama aliyeshindwa kabisa kumwambia mtoto "naumwa ugonjwa fulani" aliweza kufika hapo kwa njia ya daftari, ukurasa baada ya ukurasa, mtoto akiwa amekaa ubavuni akiuliza na kujibu. Kisha dawa zikaja, na wazazi wengi walioandika wakiamini wanaaga wakaishi. Daftari lililoandikwa kwa ajili ya yatima likabaki kabatini, na mwandishi wake yuko jikoni akipika.

Khayelitsha, kitongoji cha Cape Town, ilikuwa na namna yake. Mwaka 2002 wanawake wa kikundi cha Bambanani, waliokuwa wakitibiwa katika kliniki ya Madaktari Wasio na Mipaka, walichora ramani za miili yao. Unalala juu ya karatasi kubwa yenye urefu wako, mwenzako anapitisha kalamu kukuzunguka, kisha unainuka unaijaza picha ile: makovu yako na chanzo chake, mahali unapohisi nguvu zako zilipo, virusi unavyoviwazia, vidonge. Nyuma ya umbo lako linachorwa umbo la pili, kivuli cha mtu anayekushikilia.

Nimefikiri sana juu ya kile kitendo cha kwanza. Mgonjwa amezoea kulazwa. Hapa analala, mwenyewe, kwa hiari, na anajua atainuka kuendelea na kazi. Na mwili ambao ulikuwa ukisomwa na wengine kwa eksirei na vipimo vya damu, sasa yeye ndiye anayeuandika.

Mwili unapokataa

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: na je, ugonjwa ukiichukua hata hiyo sanaa? Fundi kofia ambaye mikono inatetemeka. Mwimbaji wa kaswida aliyepata saratani ya koo.

Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alifanyiwa upasuaji wa saratani ya tumbo huko Lyon mwaka 1941, akiwa na miaka 71. Aliokoka, lakini kusimama saa nyingi mbele ya turubai kulikwisha. Akawa mtu wa kitanda na kiti cha magurudumu. Akachukua mkasi. Wasaidizi walipaka rangi karatasi, yeye akazikata maumbo ya majani, ndege na watu, kisha wakazipachika ukutani kwa pini huku yeye akiwaelekeza: sogeza juu, geuza, hapo. Nyingine alizichora kwa mkaa uliofungwa ncha ya fimbo ndefu, amelala. Wengi wanazihesabu kazi hizo za miaka ya mwisho, mpaka alipofariki mwaka 1954, kuwa miongoni mwa bora alizowahi kufanya.

Paul Klee naye, huko Uswisi, alipata maradhi ambayo madaktari wa baadaye wameyatambua kuwa ni yale yanayokakamaza ngozi na viungo vya ndani. Mwaka 1936 alifanya kazi chache mno. Mwaka 1939 aliorodhesha 1,253. Mistari yake myembamba ya zamani ilikuwa imegeuka minene, mikavu, kama fito. Alifariki Juni 1940.

Nina sababu ya kuwataja wakubwa hawa kwa tahadhari. Mgonjwa wa kawaida akisikia 1,253 anaweza kukata tamaa badala ya kutiwa moyo. Linalotuhusu si wingi wala umaarufu, ni ule uamuzi mdogo wa kifundi: mkono hauwezi brashi, je, unaweza mkasi? Hauwezi mkasi, je, kinywa kinaweza kumwelekeza mwenye mkasi? Anayeelekeza bado anatenda. Mzee aliyepooza upande mmoja anaweza kurekodi hadithi za ujana wake kwenye simu, dakika tatu tatu, na wajukuu wakazihifadhi. Mwimbaji aliyepoteza sauti anaweza kuwafundisha wengine mapigo ya dufu kwa vidole juu ya meza.

Na asiyeweza hata hayo? Viktor Frankl, daktari wa Vienna aliyepitia kambi za Wanazi, aliandika kwamba mtu hupata maana kwa njia tatu: kwa anachokiumba, kwa anachokipokea na kukipenda, na kwa namna anavyokikabili kile kisichoepukika. Kwa hiyo kusikiliza nako kumo. Mgonjwa anayeomba apigiwe taarabu ya ujana wake, akafumba macho na kutikisa kidole kimoja, naye yumo ndani ya sanaa. Tusimfanye ajione mvivu.

Sayansi inasema nini, na inanyamaza wapi

Mwaka 2019 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya. Hitimisho lake ni kwamba sanaa ina mchango, katika kuzuia maradhi na katika kuyabeba, lakini ubora wa tafiti zenyewe unatofautiana sana. Kuna zilizofanywa kwa makini na kuna zilizofanywa kwa mapenzi.

Mfano mmoja unaopendwa kunukuliwa ni wa Girija Kaimal wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, mwaka 2016. Watu wazima 39 walikaa dakika 45 wakifinyanga, wakichora au wakibandika picha, na mate yao yakapimwa kabla na baada. Kwa robo tatu yao, kortiso, yaani ile homoni inayopanda mtu akiwa na msongo, ilishuka. Jambo zuri zaidi ni kwamba kuwa au kutokuwa na uzoefu wa sanaa hakukuleta tofauti. Lakini kumbuka: hawakuwa wagonjwa. Na kwa robo iliyobaki homoni haikushuka. Anayeutumia utafiti huo kudai kwamba kuchora kunashusha saratani amesema ambacho hakikupimwa.

James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwaomba wanafunzi mwaka 1986 waandike kwa dakika 15, siku nne mfululizo, kuhusu jambo lililowaumiza zaidi maishani. Katika miezi iliyofuata walioandika hisia pamoja na tukio lenyewe walikwenda zahanati mara chache kuliko wengine. Tafiti nyingi zimefuata. Faida ipo, kwa wastani ni ndogo, na siku zile za kuandika mtu hujisikia vibaya zaidi kabla ya kujisikia vizuri. Hili la mwisho wauguzaji walijue. Mgonjwa akilia juu ya daftari, si lazima umnyang'anye.

Kwa nini inafanya kazi, pale inapofanya? Maelezo yaliyo karibu na ukweli ni haya. Usikivu wa akili una kikomo, na maumivu hushindania nafasi ileile inayotakiwa na kuhesabu majani ya ukili. Ndiyo maana anayesuka husema maumivu "yamekaa mbali". Jambo likipewa umbo, liwe ubeti au picha, linaacha kuwa wingu na kuwa kitu unachoweza kukiweka mezani na kukizunguka. Na kitu hicho huonekana na wengine. Wageni wanaomtembelea mgonjwa huishiwa maneno baada ya "pole" na "unaendeleaje". Mkeka huwapa la kuuliza.

Tutenganishe pia mambo mawili yanayochanganywa. Kuna tiba kwa sanaa, ambayo ni taaluma yenye mafunzo; anayeifanya anajua la kufanya pale mchoro unapofungua kidonda. Jina lake lilianza kutumiwa Uingereza mwaka 1942 na mchoraji Adrian Hill, ambaye miaka michache kabla alikuwa amelazwa kwa kifua kikuu akajikuta anachora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda chake, kisha akawafundisha wagonjwa wenzake. Na kuna sanaa tu, ile ya mtu anayesuka, anayepamba, anayeimba. Ya pili haihitaji kibali cha mtu. Mtaalamu ni wa kutafutwa pale mgonjwa anapozama: hapati usingizi, hali chakula, anazungumzia kujidhuru, au mchoro unamrudisha kila siku kwenye tukio lilelile la kutisha.

Kuna madhara, na wapenda sanaa huyaruka. Mgonjwa wa saratani anayetumia dawa kali anaweza kuwa na ganzi vidoleni asihisi sindano ilivyomchoma, na chembe zake za kugandisha damu zikiwa chini, tundu dogo la sindano si jambo dogo. Harufu ya rangi ya mafuta humtapisha aliye na kichefuchefu. Vumbi la ukindu mkavu si la mtu mwenye pumu. Muulize daktari au muuguzi. Ni swali la dakika moja. Lakini dhara baya kuliko hayo ni la ulimi: kumlazimisha mgonjwa awe mfano. "Mwone fulani anavyochora, na wewe jikaze." Siku nyingine mama mdogo hakugusa ukindu, aligeukia ukutani, na sisi tulijifunza kuufunika kwa kanga bila kusema neno.

Wodi ya kusafishia damu ina saa yake. Mgonjwa anapimwa uzito akiingia, anaulizwa ameongezeka kilo ngapi tangu juzi, anakemewa kidogo kwa maji aliyokunywa, anapimwa presha, anachomwa. Mkono wa mashine hautikisiki saa nne zote, kwa hiyo pale hakusuka kamwe. Alikuwa akileta ukili uliokwisha, ambao urefu wake huhesabiwa kwa pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa, umeviringishwa, akaukunjua juu ya shuka kwa mkono wa kulia na kuukagua makosa. Mama wa kitanda cha pili akaanza kuuliza. Kisha dada mmoja wa Pemba akadai kwamba kwao mkunjo ule hausukwi hivyo, wakabishana mpaka mashine ikalia.

Muuguzi wa zamu, kijana mpole ambaye kila mara alianza na "Mama, uzito leo?", alikuja asubuhi moja na fomu yake mkononi, akasimama miguuni pa kitanda.

"Mama, leo umefika pima ngapi?"

"Tisa," akasema. "Ya kumi nimeianza, ila hii nyekundu imekataa kushika rangi. Mwambie huyu mwanangu akaniletee nyingine."

Nikaenda kununua.